Mashine ya Kubangulia Maneno

Mxiu! Juzi jioni nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka na birika lake mkononi, akidhani nimeungua ulimi. Sikuungua ulimi, niliungua roho. Tulikuwa kijiweni petu chini ya mkorosho, si mbali na stendi ya Tandahimba, kashata kwenye sinia, vikombe vinazunguka, msimu umechanganya. Akatokea karani wa chama cha msingi, binti mdogo tu, vumbi la magunia limemkaa mpaka kwenye kope, kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanetu. Kulikoni saa hizi?"

Foleni ya magunia imefika barabarani, mizani haipeleki uzito kwenye kompyuta, wakulima wameanza kunung'unika, na yeye kila akibonyeza kitufe cha Msaada anapata ukurasa mweupe. Nikaipakata ile kompyuta nikajionea mwenyewe. Kushoto mada zote zimejipanga vizuri: kupokea mzigo, kupima, kutoa stakabadhi. Kulia, mahali pa maelezo, peupe pe, kama shuka lililoanikwa.

Kosa hilo lina umri. Faili la msaada lilikuwa la aina ya CHM, ule mkoba wa kurasa ambao Microsoft waliuleta mwaka 1997, nalo lilikuwa limewekwa kwenye folda ya pamoja ya ofisi, halikuwa ndani ya kompyuta ya binti. Tangu mwaka 2005 Windows, kwa sababu za usalama, inakataa kuonyesha kurasa za CHM zinazofunguliwa kupitia mtandao, hata kama mtandao wenyewe ni waya wa mita tatu kutoka meza hii hadi ile. Nikalinakili faili kwenye diski ya kompyuta yenyewe, nikalifungua upya, maelezo yakatokea. Nikasoma onyo la kwanza, wazee wameinamisha vichwa kusikiliza. Nikakwama. Kwenye kioo pameandikwa hivi:

"Usingâ€™oe waya wa mizani kabla ya kuhifadhi."

Nani atalitamka neno hilo? Binti akasema kwa sauti ya chini, "Hata kwenye karatasi ya ukutani limetoka hivyohivyo. Mimi nilidhani wanataka niung'oe, nikaung'oa."

Hapo ndipo niliposonya. Nikamwambia arudi, azime programu, achomeke waya, aiwashe mizani kwanza kisha programu, apime gunia moja kabla hajaita foleni. Alipoondoka niliagiza kikombe cha pili, maana neno lililobaki kinywani mwangu halikuwa dogo.

Ndugu zangu, mtu akisikia habari ya kuchagua programu za kubadilisha XML ili kutengeneza msaada wa mfumo wa kompyuta, anadhani ni mazungumzo ya mainjinia waliokaa chini ya viyoyozi Dar es Salaam. Aka! Ni mazungumzo ya gunia. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anafikisha mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu, ambacho kwetu na kwa wenzetu wa Newala ni TANECU, kinausimamia mpaka mnadani, ndipo fedha ziingie benki. Mnyororo wote huo unaning'inia kwenye namba moja anayoingiza karani mmoja usiku, kachoka, taa inafifia. Karani huyo akikwama, mtu wa kwanza wa kumshika mkono ni ule ukurasa wa Msaada. Tunakagua mizani, tunaweka lakiri. Ukurasa unaomwelekeza mpimaji nani anaukagua?

Kazi yangu mimi ni kuandika maelekezo ya programu, na nimeifanya miaka mingi. Kwa hiyo nililolisema kijiweni nalisema tena hapa, kwa mpangilio.

Mkorosho mmoja unatupa korosho, unatupa bibo, na bibo likianikwa tunapata kochoko. Hatupandi mti wa korosho, kisha mti wa bibo, kisha mti wa kochoko. Maelekezo ya programu nayo yanatakiwa hivyo: yaandikwe mara moja, yavunwe mara nyingi. Kutoka kwenye maandishi hayohayo tupate kurasa zinazofunguka ndani ya programu, kitabu cha PDF cha semina ya makarani, karatasi ya ukutani karibu na mizani, na kurasa za kusomea kwenye simu. XML iliwekwa kwa ajili ya kazi kama hiyo. W3C, shirika linalotunga kanuni za wavuti, waliitangaza Februari 1998. Ndani yake huandiki kwamba neno hili liwe jekundu na lile liwe nene. Unaandika kwamba hii ni hatua, hili ni onyo, hili ni jina la kitufe. Onyo litawekewa fremu au litapakwa rangi, hilo ni la baadaye.

Wapo waliokwisha kutunga misamiati ya alama hizo ili kila mtu asianze na yake. DocBook ilianza mwaka 1991 kwa ajili ya vitabu vya kompyuta. DITA ilizaliwa IBM, na mwaka 2005 ikapitishwa kuwa kiwango na shirika la OASIS. Kazi ile ya baadaye, ya kuyatoa maandishi kwenye ganda lake na kuyafanya yalike, inafanywa kwa lugha ya XSLT, iliyopitishwa Novemba 1999. Unaandika faili la kanuni: ukikutana na onyo, litoe hivi, ukikutana na hatua, zipe namba kwa mfuatano. Halafu unahitaji mashine ya kuziendesha kanuni hizo. Kubangua, basi.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa kaegesha pikipiki pembeni akaingilia: "Kaka mkubwa, si waandike kwenye Word wamalize?"

Swali la haki, nikamjibu kwa haki. Kama maelekezo yako ni kurasa kumi, yanatoka kwa sura moja, na hayabadiliki mwaka mzima, andika Word ulale. Atakayekushawishi uingie kwenye XML kwa kurasa kumi anakutwisha mzigo usio wako. Lakini programu ya mapokezi hubadilika kila msimu. Kitufe kilichoitwa "Pokea" mwaka jana, mwaka huu kinaitwa "Sajili Mzigo". Ukiwa na nyaraka nne za Word, utasahihisha tatu. Ya nne, na mara zote huwa ileile iliyobandikwa ukutani, itabaki na jina la zamani, na karani atakitafuta kitufe kisichokuwepo huku watu wamepanga foleni.

Alikuwepo pia mama mmoja wa kikundi cha kubangua korosho, kaja kumchukua mjukuu wake. Alisikiliza kimya, halafu akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Mwanangu, sisi tuliletewa mashine nzuri ya kubangulia, inang'aa. Msimu mmoja tu kisu kikavunjika. Tukakitafuta kisu Newala, Masasi, mpaka Mtwara mjini, hakuna. Tukarudi kwenye zile za zamani za kukanyaga. Mtu akituletea mashine siku hizi, hatumuulizi inabangua kilo ngapi. Tunamuuliza kisu chake kinapatikana wapi."

Kisu chake kinapatikana wapi! Nimesoma maandishi mengi ya kulinganisha programu za XSLT, zenye majedwali ya kasi na sifa, na sijaona swali lililolipita hilo. Tuzipime kwa swali hilo.

Kuna xsltproc. Hiki ni kiprogramu kidogo kinachotumia maktaba ya libxslt ya Daniel Veillard, kimeandikwa kwa lugha ya C, kinaamka papo hapo, na kwenye Linux nyingi kinapatikana bila kuhangaika. Kompyuta kuukuu ya ofisi ya kijiji inakiendesha bila kuhema. Upungufu wake ni kwamba kimebaki na XSLT 1.0 ya mwaka 1999 pamoja na nyongeza kadhaa ziitwazo EXSLT. Hii ndiyo ile mashine ya kukanyaga: haina mbwembwe, na kila fundi anaijua.

Kuna Saxon, ya Michael Kay wa Uingereza, ambaye ndiye pia mhariri wa XSLT 2.0 ya mwaka 2007 na 3.0 ya mwaka 2017. Ukitaka kupanga maneno kwa makundi, kutoa mafaili mengi kwa mpigo, kuandika vitendaji vyako mwenyewe, Saxon inafanya kwa mistari michache mambo ambayo XSLT 1.0 itakutoa jasho. Toleo lake la HE ni la bure na msimbo wake uko wazi. Matoleo makubwa yana leseni za kulipia. Ile ya kawaida inahitaji Java, na Java inahitaji kumbukumbu ya kutosha kwenye kompyuta.

Halafu kuna viwanda vizima. DITA Open Toolkit ni kimoja, ndani yake imo hiyohiyo Saxon, na inatoa kurasa za wavuti na PDF kwa amri moja. Upande wa DocBook zipo kanuni zilizoanzishwa na Norman Walsh, ambazo ukiziunganisha na Apache FOP zinakupa kitabu cha PDF. Hapa pana mtego ambao wengi wameuangukia: kanuni za DocBook za siku nyingi ni za XSLT 1.0, kwa hiyo xsltproc inaziweza. Za kizazi kipya, ziitwazo xslTNG, zinadai XSLT 3.0, na hapo xsltproc inakaa pembeni. Ukichagua kanuni umekwisha kuchagua mashine, hata kama hujui. Tazama kwanza vinavyolingana ndipo upakue.

Sasa, kabla hujauliza mashine ipi, uliza nani atakula. Hili ndilo waliloliruka wale walioandika msaada wa binti wetu. Kwa aliyekaa Dar es Salaam mwenye Windows yake mwenyewe, CHM inafunguka vizuri. Karani wa kijijini yuko kwenye folda ya pamoja, au kapewa faili kwa flashi, au anasomea kwenye simu yake wakati umeme umekatika. Kwa huyo, folda ya kurasa za HTML za kawaida ndiyo inayofika: inafunguka kwenye kivinjari chochote, kwenye simu yoyote. CHM kuitengeneza kwenyewe kwa kawaida kunataka programu ya Windows; HTML inaweza kutoka kwenye kompyuta yoyote iliyopo mezani. Na PDF ibaki kwa kazi yake ya karatasi, maana ukuta hauzimi.

La pili ni mtandao. Faili la DocBook la mtindo wa zamani huwa na mstari juu unaotaja anwani ya wavuti ambako kanuni zake za muundo zimehifadhiwa. Mashine usiyoielekeza inakwenda kuzichota huko kila unapobangua. Mwaka 2008 W3C walilalamika hadharani kwamba seva zao zinapokea hadi maombi milioni 130 kwa siku ya mafaili ya aina hiyo, mafaili ambayo hayabadiliki. Huko ni kero kwao. Kwetu ni kazi kusimama. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tukakaa tukitazama simu kama tunatazama kaburi? Mtu aliyetaka kutoa kitabu chake siku hiyo, na mashine yake inadai kwanza ikachungulie nje ya nchi, hakutoa hata ukurasa. Dawa ipo na ni ya bure: unahifadhi mafaili yote kwenye kompyuta yako, unaandika faili dogo la katalogi linalosema "anwani hii tafuta humu ndani", na kwa xsltproc unaongeza neno --nonet, linaloikataza kabisa kutoka nje. Mashine usiyoweza kuiambia hivyo, hapa Tandahimba haina kazi. Ijaribu na data ya simu ikiwa imezimwa, kabla hujaisifia.

La tatu ni lugha, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kidonda.

Rudini kwenye lile neno la binti. Aliyeandika maelekezo aliyaandika kwanza kwenye Word. Word ikaigeuza alama ya ng', ile iliyonyooka, ikawa ya kupinda. Alama ya kupinda kwenye usimbaji wa UTF-8 ni baiti tatu. Mkoba wa CHM, ambao ni wa zama za kabla, ukazisoma kama herufi tatu za Ulaya. Kwa Mwingereza hilo ni doa kwenye maandishi. Kwa Mswahili ng' ni sauti kamili, na kitenzi chetu cha onyo kikavunjika katikati. Tena hata pale inapoonekana vizuri, karani akiandika "ng'oa" kwenye kisanduku cha kutafuta anatumia alama iliyonyooka ya kibodi, na maandishi yana iliyopinda, basi anaambiwa hakuna kitu. Yote hayo yanaponywa na kanuni moja fupi. Hata XSLT 1.0 ya mwaka 1999 ina kitendaji kiitwacho translate, kinachobadilisha herufi moja kuwa nyingine katika kitabu kizima. Mstari mmoja! Mashine ilikuwapo, kanuni ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kusoma kilichotoka, kwa Kiswahili, kabla hakijamfikia karani. Mxiu.

Tazameni na vichwa. Kwa Kiingereza mashine inaweka neno, inaweka namba, imemaliza. Sisi tuna Sura ya 2, Jedwali la 3, Kielelezo cha 4, Mchoro wa 5. Kiunganishi kinafuata ngeli. Mashine inayobandika kiunganishi kimoja kwa kila kitu itakupa "Jedwali ya 3", na mwalimu wa shule ya msingi atakifunga kitabu hapohapo. Kanuni za DocBook katika hili ni za kistaarabu: kila aina ya kipande ina kiolezo chake cha maneno, kwa hiyo unaandika faili dogo la Kiswahili, sura na "ya" yake, jedwali na "la" yake, kielelezo na "cha" yake. Ni kazi ya alasiri moja. Ukipima mashine, pima na hilo: je, inaniruhusu kuandika viunganishi vyangu, au imekwisha kuniamulia?

Na faharasa je? Vitenzi vyetu vikiwekwa kwenye faharasa vinaanza na ku: kupima, kuhifadhi, kutoa, kusajili. Ukiiacha mashine ipange yenyewe, kitabu kizima kinalala chini ya herufi K. DocBook ina sifa iitwayo sortas: unaandika "kupima" na kuiambia ipange kama "pima", basi karani analikuta chini ya P. Kutafuta kwenye kurasa za msaada nako kuna balaa yake. Msaada wa wavuti wa DocBook ulikuja na akili ya kukata viambishi vya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, ambavyo vingi vinakaa nyuma ya neno. Neno letu hubadilika zaidi mbele: pima, umepima, hawajapima, vipimo, gunia, magunia. Karani anatafuta "gunia", ukurasa una "magunia", wanapishana kama watu gizani. Mpaka itakapopatikana mashine inayojua hilo, mwandishi aweke mwenyewe maneno ya kutafutia katika kila mada, yote ambayo karani anaweza kuyaandika, pamoja na yale ya mtaani. Ni kazi ya mkono, kama kumenya ngozi ya korosho, na hakuna njia ya kuikwepa.

Mwalimu mstaafu, ambaye huwa anakunywa kahawa bila kashata, akauliza: "Haya mambo makubwa, kuna wenzetu waliokwisha kuyafanya, au ni ndoto zako?"

Wapo, Mwalimu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Na msaada wa OpenOffice wenyewe, kama ulivyo wa ndugu yake LibreOffice, ni mafaili ya XML yanayogeuzwa kwa XSLT kuwa kurasa za kusoma. Pia kuna DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Wizara yetu ya Afya inautumia kukusanya takwimu za MTUHA kutoka zahanati na vituo vya afya. Vitabu vya maelekezo vya DHIS2 viliandikwa kwa DocBook kwa miaka mingi. Baadaye wakavihamishia kwenye Markdown, mtindo wa maandishi mepesi ambao mtu anaujifunza kwa saa moja.

Mwalimu akasema, "Basi XML imeshindwa."

Hapana, Mwalimu, hapo ndipo penye somo. Waliweza kuhama kwa sababu maneno yao yalikuwa yamewekewa alama: sura inajulikana ni sura, hatua ni hatua. Maandishi ya namna hiyo yanabebeka. Ambaye maandishi yake yamefungwa ndani ya CHM, au kwenye Word iliyopambwa kwa mkono, huyo akitaka kuhama anaandika upya. Kama mwandishi wako ni mmoja na watoaji mchango ni wengi na hawana muda, Markdown ni chaguo la heshima. Kama una maonyo, hatua, matoleo tofauti ya karani na ya mkaguzi kutoka maandishi yaleyale, alama za XML zinakulipa. Ila chochote utakachochagua, mashine itakufa kabla ya maneno. Mwaka 2025 mtunzaji wa libxslt, mtu aliyekuwa akiibeba kwa kujitolea, alijiondoa. Mwaka huohuo watengenezaji wa Chrome walitangaza kwamba wataiondoa XSLT ndani ya kivinjari chao. Kwa hiyo usimpelekee karani XML ukitegemea kivinjari chake kubangua. Bangua wewe, mpelekee kilicho tayari. Na kanuni za XSLT 1.0 zinasomwa na mashine zaidi ya moja: xsltproc ikichoka leo, kesho Saxon inazipokea kwa marekebisho kidogo. Kisu chake kinapatikana mahali zaidi ya pamoja. Hilo ndilo jibu la swali la mama.

Kisu cha mwisho ni mtu. Mtaalamu anakuja na gari, anasimika mfumo, anapiga picha na katibu wa chama, anaondoka. Msimu unafunguliwa, kitufe kimebadilishwa jina, nani aliyebaki anayeweza kusahihisha sentensi moja na kutoa karatasi mpya usiku huohuo? Kama hayupo, mashine iliyochaguliwa ni mbaya, hata ingekuwa ya dhahabu. Mimi huwa najaribu hivi: naandika amri yote ya kubangua kwenye karatasi, mistari mitatu au minne, nampa kijana wa stesheneri aliyemaliza kidato cha nne, najitenga, nakaa kimya. Akitoa ukurasa, mashine imefaulu. Akinitazama usoni, imefeli mashine, hajafeli yeye.

Basi sikuishia kusonya. Kesho yake nilikwenda kwa katibu wa chama, nikaomba ruhusa, nikayaandika upya yale ya mapokezi peke yake, mada tisa, kwa DocBook, kwa Kiswahili kinachosemwa hapa Tandahimba. xsltproc, --nonet, kile kiolezo cha "ya" na "la", ile kanuni moja ya ng'. Zikatoka kurasa za HTML za kuweka kwenye kompyuta na simu, na ukurasa mmoja mkubwa wa ukutani. Aliyeuchapa ni kijana wa stesheneri, kwa karatasi yangu ya amri, mimi nikiwa nje naongea na jirani.

Jioni tukaubandika pembeni ya mizani. Binti akausogelea na tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika, akasoma kwa sauti, wakulima nyuma yake wanamsikia:

"Using'oe waya wa mizani kabla ya kuhifadhi."

Akainama chini ya meza, akaushika waya, akahakikisha umekaa. Kisha akaita gunia la kwanza.